Tumbo Moja kwa Siku

Watu wa hapa Keumbu wanapenda matumbo. Jumapili utawaona wamekaa hotelini na ugali wa wimbi, wanalamba vidole mpaka kwenye viganja. Lakini waambie washuke kichinjioni waone yanavyooshwa. Watafunika pua wakiwa bado barabarani.

Mama Linda ndiye anayeyaosha. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, mabuti ya mpira miguuni, gunia limefungwa kiunoni. Tumbo la ng'ombe likitoka limejaa nyasi ambazo hazijaisha kusagika, kijani kibichi, za moto, zinatoa mvuke. Unalipasua, unalimwaga, unaligeuza ndani nje. Kuna sehemu ina manyoya kama taulo. Kuna nyingine ina kurasa nyingi kama kitabu, na kila ukurasa una mavi yake, huwezi kuruka hata mmoja. Nimewahi kujaribu asubuhi moja. Nilitapika mara mbili na sikurudi.

Jina lake hasa ni Orpah. Aliolewa na Ogoti, mdogo wake baba yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mdogo. Mimi nalala kwa nyanya, na kutoka mlango wa nyanya hadi mlango wa Orpah ni hatua kama hamsini za kushuka katikati ya migomba. Shule niliacha darasa la sita. Mtu akikaa nyumbani sana na hasemi sana, huona mambo. Haya niliyaona, mengine Orpah aliniambia mwenyewe akiwa anachambua mboga za chinsaga.

Inabidi nianze na amasangia, kwa sababu bila hilo hutaelewa.

Kwetu wanasema hivi: mwanamke aliyeolewa akienda na mwanamume mwingine, halafu mume wake augue au aumie, huyo mwanamke asimkaribie. Akimgusa, au akiingia tu pale alipolala, mume anakufa. Hiyo ndiyo amasangia. Mwanamume naye akienda huko nje, halafu mke augue? Hakuna kitu. Nimeuliza watu wazima watatu, wote waliniangalia kama nimetema mate kwenye chakula.

Mwaka jana mwezi wa tatu Ogoti alianguka kutoka ghorofa ya pili. Alikuwa fundi wa mawe, walikuwa wanajenga nyumba ya kupangisha kule Nyanchwa. Alivunjika mbavu, na kitu fulani ndani kikachanika. Alilazwa Kisii mjini. Orpah alipata habari akiwa na tumbo mkononi, akalitupa, akakimbia nyumbani kubadilisha nguo. Nyanya akamwita jikoni.

Nyanya yangu, Nyakerario, ni mama wa kanisa. Yeye ndiye hupanga maua ya Sabato na hukumbusha wengine wavae vitambaa virefu.

"Mama Linda," akamwambia, "mimi sikuulizi kitu. Wewe unajijua. Kama kuna kitu, usiingie pale mtoto wangu amelala."

"Kitu gani, Mama?"

"Nimesema sikuulizi."

Kitu chenyewe kilikuwa Opondo. Opondo ni muuza samaki kutoka pande za ziwani, ana meza pale sokoni. Ni mtu wa utani. Akimtania Orpah, Orpah alikuwa anacheka na meno yote nje. Basi. Hakuna mtu aliyeona zaidi ya meno. Na samaki wa huyo huyo Opondo, nyanya anakula mpaka macho, ananyonya mfupa wa kichwa hadi uwe mweupe.

Orpah angeweza kuingia. Hakuwa na la kuficha. Lakini alipiga hesabu yake: nikiingia halafu Ogoti afe, watasema ni mimi nimemuua. Nikikaa nje, hawatakuwa na la kusema. Akakaa nje. Siku tisa alikaa kwenye lango la hospitali, kwenye ukingo wa mtaro, na chupa ya uji. Mimi ndiye nilikuwa naingiza ule uji na kurudisha chupa.

Ogoti alikuwa anauliza. "Mama Linda yuko wapi?"

"Ana kazi," nyanya alikuwa anamjibu, akimpangusa paji la uso.

Mimi nilikuwa pale na kikombe.

Siku ya tisa nilirudisha chupa ikiwa bado imejaa na bado ina moto. Orpah aliishika, akasikia uzito wake, akajua.

Na unajua walisema nini? Hata kaburi halijachimbwa, walikuwa wanasema chini ya hema, vijiko mdomoni: "Uliona aliogopa kuingia? Alikuwa anajijua." Yaani angeingia ni yeye, na hakuingia ni yeye. Siku ya mazishi wengine walipotupa mchanga kwa mkono, yeye alipewa koleo, mikono yake isiguse ule mchanga. Halafu watu wakaenda kula. Walikula ng'ombe mzima. Na ni nani alikuwa amewaoshea matumbo alfajiri ya siku hiyo, akiwa mjane wa siku sita, kwa sababu hakupatikana mwingine? Hiyo mikono haikuwa na shida ikiwa ndani ya sufuria.

Kutoka siku hiyo nikawa nasikia kichefuchefu nikiona watu wanatafuna.

Sasa Orpah mwenyewe ndiye alifanya kitu kibaya zaidi ya chao. Aliwaamini. Si kwamba aliamini alikuwa na Opondo, hapana, akili yake haikuwa imeharibika. Aliamini mikono yake ina kitu. Kwamba labda kosa lake lilikuwa kule kukaa nje, na kosa hilo limeingia mikononi. Hakuna mtu aliyemwambia mikono yake inaua watoto, maana amasangia si mambo ya watoto. Hilo alijiongezea mwenyewe. Akaanza kuiosha. Kila akitoka kichinjioni alikuwa anaosha kwa sabuni ya kipande, anasugua kwa gunzi, anamwaga maji, anaanza tena. Ngozi ya vidole ikapasuka kwenye maungio, ikawa inatoa maji. Hakukula nyama, baadaye akaacha mayai, baadaye hata uji ulikuwa unarudi.

Na hakumgusa Linda tena.

Linda ni mtoto wake, mmoja tu, alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Alikuwa anamkimbilia mama yake kutoka kwenye migomba, na Orpah alikuwa anasimama, mikono ameinua juu namna ile ya mtu aliyeshika sufuria ya moto, anamwambia, "Ngoja, ngoja, mama ni mchafu." Mtoto anamshika miguu. Yeye anaangalia juu. Baada ya miezi michache Linda aliacha kukimbia. Alikuwa anasimama mbali na kumwita "yule Mama". Mimi ndiye nilikuwa namwogesha, na alikuwa analala kwa nyanya, kwenye kitanda chetu.

Nyanya hakusikitika. Alisema shangazi yangu aliyeolewa Nyamira atamchukua Linda shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja, akakae huko moja kwa moja, asomee huko. Alisema hayo akichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayehamisha kuku.

"Mama yake hamtaki," akasema. "Si mnaona? Hata kumshika hamshiki."

Orpah alikuwa mlangoni, alisikia. Alienda kuosha mikono.

* * *

Zahanati yetu ina muuguzi anaitwa Benter. Sista Benter ni wa kutoka Homa Bay, lugha yetu ya Ekegusii anajua salamu tu, "Bwakire", halafu anarudi kwa Kiswahili. Mwezi wa nane alimfunga Orpah vidole vilipoanza kuoza, akamuuliza maswali, na akamwambia aje Jumatano mchana kwenye baraza ya zahanati. Kulikuwa na kikundi cha watu walio na uzito moyoni. Nilimsindikiza kwa sababu alikuwa anayumba akitembea.

Walikuwa wanawake sita na mzee mmoja, Anyona, ambaye mke wake alikuwa amekufa kwa sukari. Sista Benter akawapa kila mmoja ndizi moja mbivu, zile ndogo.

"Leo hatuli haraka," akasema. "Itazame hiyo ndizi kama hujawahi kuona ndizi maishani."

Mzee Anyona akaigeuza geuza. "Sista, mimi nimezaliwa chini ya mgomba. Nikiiangalia hivyo itafikiri nimepotewa na akili."

"Iangalie tu, mzee."

"Nimeshaila."

Watu wakacheka. Sista naye akacheka, akampa nyingine. Halafu akawaambia wafumbe macho, waiweke mdomoni, wasitafune, wasikie tu utamu wake, wasikie pumzi ikiingia na kutoka. Orpah akafumba macho. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Akatapika pale pale kwenye saruji, maji ya njano na kipande cha ndizi.

Mwanamke aliyekuwa karibu naye akavuta gauni lake. "Hata chakula kinamkataa," akasema kwa Ekegusii, akidhani anasema polepole. Yeye alikuwa amekuja pale kwa ajili ya uzito wa moyo wake. Nilimtazama mdomo, una ndizi pembeni, nikatamani kuufuta kwa kiatu.

Sista Benter alileta kitambaa akapangusa matapishi mwenyewe, amepiga magoti, hakugeuza uso. Wengine walipoondoka akamuuliza Orpah, "Ukifumba macho unaona nini?"

"Lango."

"Lango gani?"

"La hospitali. Na chupa ya uji."

Sista akaweka kitambaa chini. "Basi usifumbe macho tena. Nimekosea mimi. Kazi yako ni gani?"

"Naosha matumbo."

"Basi fanyia huko huko."

"Huko kuna mavi, Sista."

"Najua. Yana moto au yana baridi?"

Orpah akamwangalia kama anatukanwa.

"Sikuchezei," Sista akasema. "Kesho chagua tumbo moja. Moja tu, mengine osha vile umezoea. Hilo moja lioshe ukiwa hapo. Mkononi una nini sasa hivi, lina uzito gani, linanuka nini, maji yanasema nini. Ukijikuta uko langoni, useme 'nimeenda', halafu urudi kwa tumbo. Usijigombeze. Ni kwenda na kurudi."

"Halafu?"

"Halafu kesho kutwa lingine moja."

Njiani Orpah alikuwa na hasira. "Mtu amesoma miaka yote hiyo," akaniambia, "ndiyo aniambie nisikilize mavi."

Lakini alijaribu. Aliniambia alijaribu kwa hasira, ili Jumatano aende aseme haikusaidia. Siku ya kwanza alikuwa langoni kabla hajamwaga maji ya pili. Akasema "nimeenda", akarudi. Akaenda tena. Tumbo moja lilimchukua karibu saa nzima, alikuwa ameenda na kurudi mara ambazo hakuweza kuhesabu, na alichoka kuliko aliyelima. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne au ya tano, sijui, aligundua kitu kidogo: kwamba tumbo likiwa limetoka tu kwa ng'ombe lina joto kama la mtu aliyelala. Alikuwa ameyaosha miaka saba na hakuwa amesikia hilo joto. Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake, yeye akiwa mahali pengine. Alisikia pia kwamba zile nyasi zikiwa mbichi hazinuki mavi kwanza, zinanuka shamba baada ya mvua, halafu ndiyo uvundo unakuja nyuma, na kati ya hizo harufu mbili kuna nafasi.

Machogu, mchinjaji, alimwona ameinama kwenye lile la kurasa, anafungua moja moja.

"Mama Linda, hilo tumbo unaliosha ama unalisoma?"

"Nalisoma."

"Limeandikwa nini?"

"Limeandikwa Machogu jana alikunywa chang'aa."

Machogu alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Aliposimulia nyumbani kwake kwamba Orpah ametania, mke wake hakuamini. Kulikuwa na miezi mitano hakuna aliyesikia neno la namna hiyo kutoka kwake.

Nilidhani sasa amepona, kumbe bado. Kile kitu cha Sista hakikumletea amani kwanza. Kilimletea kinyaa. Alipoanza kuwepo pale alipo, alianza kusikia vizuri kile watu walichokuwa wanasema, na kukiona vile kilivyo. Aliona nyanya akimega nyama ya matumbo na kusema sala ndefu kwanza. Aliona wale wa chini ya hema wakimsalimia sokoni, "Mama Linda, niwekee kilo moja, ile nyeupe nyeupe uliyoosha vizuri." Siku moja, tukiwa jikoni kwake, chinsaga mapajani mwake, akaniambia, "Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninanuka."

"Si wewe."

"Najua. Lakini na mimi nipo ndani. Nani alinifunga kamba pale langoni? Hakuna. Ningeingia. Angenishika mkono hata dakika moja." Akachuma jani, akalitazama, akaliweka sufuriani. "Nikifika hapo nasikia kinyaa na mimi mwenyewe. Kinakaa hapa." Akagusa koo.

Alimwambia Sista Benter hayo hayo, na Sista hakumwambia asijilaumu. Alimwuliza tu kama kile kilicho kooni kinapanda au kinashuka. Orpah akakisikiliza. Akasema kinashuka kidogo akipumua nje. "Basi," Sista akasema, na wakakaa. Orpah alilia siku hiyo, kamasi mpaka kidevuni, mzee Anyona akampa leso yake ambayo haikuwa safi hata kidogo, na akaitumia.

Kufika mwezi wa kumi vidole vilikuwa vimefunga. Alikuwa anaosha mikono mara mbili, wakati mwingine mara moja. Alikula uji ukabaki. Lakini Linda, hapana. Alijaribu. Nilimwona ameketi kizingitini, mtoto anacheza na makopo hatua mbili kutoka kwake, akanyoosha mkono ukafika katikati, ukasimama, ukarudi. Midomo ikasema, "Nimeenda." Alikuwa ameweza kurudi kwa tumbo la ng'ombe. Kwa mtoto wake alikuwa hajaweza, na shangazi wa Nyamira alikuwa ameshapiga simu kusema atakuja Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, na kwamba amenunua godoro.

* * *

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo, Linda aliamka anaharisha. Kufika saa tatu alikuwa anatapika pia. Nyanya akasema ni maembe mabichi. Akamchemshia majani, yakatoka jinsi yalivyoingia. Saa nne mtoto alikuwa amelala juu ya gunia kwenye sakafu ya jikoni, kwa sababu nyanya hakutaka blanketi liharibike, na aliharishia pale pale, na hakuna aliyemgusa. Jirani wawili wa kanisani walikuwa wamekuja. Walisimama mlangoni na vitambaa puani, wanaomba. Walikuwa wanamwomba Mungu ashuke aingie mahali ambapo wao wenyewe walishindwa kuingia kwa sababu ya harufu.

Mimi nilimpangusa mara mbili, mara ya tatu nilikuta macho yake yameingia ndani na hayanifuati. Nikaogopa. Nikakimbia mpaka kichinjioni.

"Mama mdogo, Linda anakufa."

Orpah alikuja jinsi alivyokuwa, mabuti, gunia kiunoni, damu mpaka viwiko. Alipanda ule mlima bila kupumzika. Nyanya alimwona akitokea kwenye migomba, akatoka nje akajaza mlango.

"Wewe hapana. Usimguse."

Orpah akasimama.

"Mmoja alitosha," nyanya akasema. "Ulimmaliza mtoto wangu, huyu utaniachia. Angalia hiyo mikono yako. Angalia!"

Orpah aliiangalia. Ilikuwa imeanza kupanda yenyewe, ile namna ya sufuria ya moto. Nikajua anaenda, yuko langoni, ameketi ukingoni mwa mtaro, na safari hii chupa itarudi tena ikiwa imejaa. Wale jirani waliacha kuomba ili waone vizuri.

"Nimeenda," Orpah akasema, kwa sauti.

"Umeenda wapi na uko hapa?" nyanya akasema. Akawageukia jirani. "Mnaona? Kichwa pia kimeharibika."

Orpah akavuta pumzi. Nilimwona akitazama chini, akitazama mlango, akitazama vidole vya miguu vya nyanya ndani ya champali.

"Nimerudi," akasema. "Mama, toka mlangoni."

"Sitoki."

"Basi nitakupaka."

Na akaenda mbele na ile damu na yale mavi ya ng'ombe, hakukimbia, hakusukuma, alitembea tu jinsi mtu anavyoingia nyumbani kwake. Nyanya aliruka pembeni akishika sketi yake. Kitu ambacho siku tisa hakikuwezekana, kiliwezekana kwa sababu nyanya alikuwa amevaa sketi safi.

Ndani, Orpah alinawa mara moja kwenye beseni. Mara moja. Akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya tumbo la Linda, akakiacha hapo. Nilikuwa karibu, nilimsikia akisema polepole, kwa Ekegusii, kama anamwambia mtu asiyeona: "Lina moto. Ni laini. Linapanda. Linashuka. Linapanda." Alifinya ngozi kidogo, ikabaki imesimama, hairudi upesi. Akamvua. Akamwosha kwa maji ya vuguvugu, kila mkunjo, nyuma ya magoti, kati ya vidole, kinyesi kikimpita kwenye vidole vyake, na hakugeuza uso hata mara moja. Linda akamtapikia kifuani. Akapangusa mdomo wa mtoto kwanza.

"Yule Mama," Linda akasema.

"Ndiye mimi."

Akamfunga mgongoni kwa leso yangu ya kiunoni, akatoka. Wale jirani walimpisha mbali sana. Kutoka kwetu hadi zahanati ni nusu saa, na aliniambia nichanganye maji ya chumvi na sukari, nimpe mtoto kwa kijiko kidogo kidogo njia nzima, nikawa natembea nyuma yake kama mtu anayelisha jogoo. Kila wakati alikuwa anapitisha mkono nyuma, anamshika mguu. Mara mbili nilimsikia akisema "nimeenda". Mara mbili alirudi.

Sista Benter aliwapokea. Linda aliwekewa maji ya mshipa, sindano ilitafuta mshipa mara tatu, na Orpah ndiye aliyemshikilia mkono. Alikaa kwenye lile benchi mpaka jioni, matapishi yamemkaukia kifuani, watu wakihama kutoka karibu naye mmoja mmoja. Saa kumi Linda akafungua macho, akaomba ndizi.

Shangazi wa Nyamira alikuja ile Jumapili. Alimkuta Linda amelala kwa Orpah, kwenye kitanda cha Orpah, mguu mmoja juu ya shingo ya mama yake. Akanywa chai kwa nyanya, akasema godoro ataliuza.

Sijui kama Orpah amepona. Yeye hasemi amepona. Kuna siku bado anaenda langoni, na siku nyingine anakaa huko muda mrefu, namwona jicho limesimama. Bado anachagua tumbo moja kila asubuhi.

Jumamosi iliyofuata nyanya alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Alivaa ile sketi. Alisema mjukuu wake alikuwa amekufa kabisa, na wao akina mama watatu walisimama mlangoni wakaomba bila kuchoka, na Bwana akanyoosha mkono wake akaingia mpaka jikoni. Watu wakasema amina. Yule wa zahanati, aliyevuta gauni lake Orpah alipotapika, alisema amina mara mbili. Nilisikia kile kitu kikinipanda kooni, nikageuka nimwangalie Orpah, maana nilidhani atasimama, au atatoka nje.

Alikuwa benchi la mwisho, Linda mapajani. Linda alikuwa na mafua, kamasi mbili zimefika mdomoni. Orpah aliinamisha kichwa, akamziba pua moja, akamwambia "puliza", akaitoa kwa vidole viwili, ndefu, ya kijani. Akaitazama. Halafu akaipangusa kwenye pindo la gauni lake na kugeuza uso wa mtoto, atoe ya upande wa pili.